Jinsi ya kuyaona maua ya porini kwenye matembezi mafupi ya msituni

"Nimetembea msituni muda wa saa nzima sijaona ua hata moja. Mwenzangu kapita njia ileile kaja na picha kumi na tano. Kanizidi nini?" Swali hili hunijia mara kwa mara, maneno yakibadilika kidogo tu. Nyuma yake hufuata lingine: "Hili ua linaitwaje?" Picha ni moja, ua jekundu limejaa kwenye kioo, jani halionekani, shina halionekani, ukubwa haujulikani. Mwongozo huu ni jibu la maswali yote mawili.

Mwenzako alisimama. Hakukuzidi macho. Maua mengi ya msituni ni madogo, mengine hayafikii ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, na hukaa kivulini chini ya kimo cha goti. Anayetembea mwendo wake wa kawaida huku akitazama mbele huyapita yote. Kwa hiyo hapa tunapanga matembezi ya kilomita moja hadi mbili, na tunayapa muda wa saa mbili nzima. Ukiona umbali huo ni mfupi mno, punguza mwendo, usiongeze njia.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na penseli. Wino huchuja karatasi ikipata unyevu, penseli haichuji.
- Simu yenye kamera, chaji imejaa, na huduma ya kuonyesha mahali imewashwa. Simu ya kawaida inatosha kabisa.
- Rula fupi ya plastiki, au sarafu ambayo ukubwa wake unaujua.
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Siku ya kwanza si lazima, ila ukiipata hutataka kutoka bila hiyo.
- Suruali ndefu, soksi ndefu na viatu vya kufunika mguu mzima. Ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, maana kupe hukaa kwenye ncha za majani wakisubiri mtu apite.
- Maji ya kunywa, na mfuko wa mgongoni ili mikono ibaki huru.

Kabla ya kutoka, uliza sheria za msitu unaokwenda: kama kuna kibali, kama inaruhusiwa kutoka nje ya njia, na lango linafungwa saa ngapi. Mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi lini.

## Hatua kwa hatua

1. Chagua njia yenye kingo nyingi.

Mgeni hudhani kwamba kadiri anavyozama ndani ya msitu ndivyo atakavyoona maua mengi. Mara nyingi huwa kinyume. Katika msitu mnene wa mvua, mwanga wa jua unaofika ardhini ni asilimia 1 au 2 tu, na ua ni kazi kubwa kwa mmea usio na mwanga. Maua hukusanyika pale msitu unapofunguka: ukingoni, kando ya kijito, kwenye mwanya ulioachwa na mti ulioanguka, kwenye mawe yasiyoruhusu miti mikubwa kuota, na kando ya njia yenyewe. Tazama ramani utafute njia fupi inayovuka kijito na kupita angalau uwazi mmoja. Njia ya namna hiyo, hata ikiwa ya mita mia nane, itakupa zaidi ya kilomita tano za kivuli kisichokatika.

2. Chagua majira na saa.

Pale penye majira ya mvua na kiangazi, nenda wiki chache baada ya mvua kuanza. Pale penye baridi kali na miti inayopukutisha majani, nenda mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kabla miti haijavaa majani mapya. Mimea midogo ya chini huwahi kuchanua hapo ikitumia mwanga ambao wiki chache baadaye utazibwa.

Kuhusu saa, asubuhi kati ya saa mbili na saa tano ndio wakati ninaoupenda: umande umepungua, upepo haujaamka, na mwanga bado umelala ubavu. Lakini jua kwamba kila ua lina ratiba yake. Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliandika mwaka 1751 juu ya wazo la saa ya maua: mimea ikipangwa kwa saa ya kufungua na kufunga, mtu angeweza kukisia wakati kwa kuyatazama maua tu. Kwa hiyo ukipita njia moja asubuhi na jioni, umepita njia mbili.

3. Simama dakika kumi kabla ya kuanza.

Hatua hii watu huiruka, nami naisisitiza kuliko nyingine zote. Ukifika mahali pa kwanza penye mwanga, simama. Weka simu mfukoni. Dakika mbili za kwanza utaona kijani kitupu, na utashawishika kuondoka. Usiondoke. Jicho linahitaji muda kuzoea kivuli, na akili inahitaji muda kutenganisha kijani kimoja na kingine.

Sasa tazama kwa mapande. Anza chini, kuanzia ncha za viatu vyako hadi mita mbili mbele, polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha panda usawa wa kiuno, penye vichaka na mimea itambaayo. Mwisho tazama juu, kwenye mashina na matawi, maana okidi nyingi za nchi za joto huota juu ya miti bila kugusa udongo. Ukimaliza, chuchumaa urudie. Petali (jani la rangi la ua) nyembamba ikiwa na mwanga nyuma yake hung'aa kama karatasi mbele ya taa, lakini ukiitazama kutoka juu huioni.

4. Tembea hatua ishirini, simama tena.

Hesabu kweli. Hatua ishirini, kituo cha dakika moja au mbili, pande zote mbili za njia. Kila baada ya vituo vitatu geuka nyuma utazame ulikotoka, kwa sababu maua yaliyojificha nyuma ya majani ulipokuwa unakuja huonekana ukiyatazama kutoka upande wa pili.

5. Fuata dalili, si rangi peke yake.

Petali zilizoanguka njiani ni barua kutoka juu: inua kichwa, kuna mti au mmea mtambaazi unaochanua hapo. Mvumo wa nyuki kwenye kichaka unachokiona kijani tupu una maana kwamba kuna maua ya kijani au madogo mno. Harufu nzuri ghafla, simama uitafute upande upepo unakotoka. Harufu ya kitu kilichooza huenda ni mzoga, na huenda ni ua linaloita nzi. Tumba lililokaribia kufunguka na tunda changa navyo ni ushahidi. Mmea mmoja ukiwa na tumba, jirani yake huenda tayari umefungua.

Kujua anayelihudumia ua husaidia kukisia pa kutazama. Nyuki haoni wekundu kama tuuonavyo sisi, lakini huona miale ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni. Ndiyo maana maua mekundu yenye umbo la mrija mara nyingi ni ya ndege wanyonyao nekta, na hukaa pale ndege anapoweza kufika kwa urahisi. Maua meupe yenye harufu kali jioni mara nyingi huwangoja nondo.

6. Likague kabla ya kulitafutia jina.

Umeliona. Usikimbilie simu. Kaa nalo dakika tatu, ukijiuliza maswali haya kwa mpangilio.

Petali ngapi? Zikiwa tatu au sita, na mishipa ya jani inakwenda sambamba kama ya nyasi, uko upande wa mayungiyungi, okidi na jamaa zao. Zikiwa nne au tano, na mishipa ya jani imesukwa kama wavu, uko kwenye kundi jingine kubwa, lenye maharage, nyanya na alizeti. Hesabu maua matatu ya mmea uleule kabla ya kuamini, kwa sababu petali hudondoka na wadudu hula.

Je, ukilikata ua katikati kwa mawazo, nusu mbili zinafanana kwa mkato wowote, kama nyota, au kwa mkato mmoja tu, kama uso wa mtu? Swali hili moja hupunguza familia nyingi (makundi ya mimea yenye undugu) kwa mara moja.

Baada ya hapo fikiria mimea unayoijua tayari, kwa kuwa maua ya porini yana ndugu shambani na bustanini. Ua la maharage au kunde lina petali moja pana iliyosimama nyuma, mbili za ubavuni kama mbawa, na mbili za chini zilizoshikana kama mtumbwi. Ukiona umbo hilo msituni umeipata familia ya jamii kunde. Petali nne zilizokaa msalaba, zenye stameni (vijiti vya katikati ya ua vyenye chavua) sita ambazo nne ni ndefu na mbili fupi, ni familia ya kabichi na haradali. Nyota ya petali tano yenye koni ya manjano iliyochomoza katikati ni ya ndugu za nyanya na biringanya. Stameni nyingi zilizoungana kuwa mrija mmoja katikati, kama ua la bamia, ni familia ya hibiskasi na pamba. Shina la pembe nne, majani yaliyokaa mawiliwili yakitazamana, na harufu ukilisugua jani, huelekea familia ya mnanaa na mrehani. Lisugue palepale liliposhikamana, usilikate. Na sugua tu ukiwa na uhakika kwamba halina vinyweleo vya kuwasha.

Alizeti ndiyo inayowakosesha wengi. Unachokiita ua la alizeti ni kichwa chenye mamia ya maua madogo, na kila "petali" ya manjano ya pembeni nayo ni ua dogo peke yake. Mtu akiniandikia kwamba amepata ua la petali ishirini na moja, karibu kila mara amepata mmea wa familia hii. Ukikigeuza kichwa hicho cha maua utaona vijani vidogo vilivyopangwa kama vigae chini ya ua. Vipige picha, maana mara nyingi ndivyo vinavyotenganisha spishi moja na nyingine. Familia hii ina spishi zaidi ya 20,000, nayo pamoja na ile ya okidi ndizo familia mbili kubwa kuliko zote za mimea ya maua.

Kwenye kivuli chenye unyevu, kando ya kijito, tafuta pia mimea ya jenasi (kikundi cha spishi zinazokaribiana ndani ya familia) ya Impatiens. Nyuma ya ua kuna kimrija kilichopinda kama mkia, humo ndimo nekta ilimo. Shina lake ni laini, limejaa maji. Tunda lililokomaa hupasuka ukiligusa na kurusha mbegu. Kwa anayeanza huu ni mmea mzuri wa kujifunzia, kwa sababu ukishaujua mkia ule hutausahau.

Okidi utaitambua kwa petali moja isiyofanana na mbili zenzake: mdomo, uliotanuka au wenye madoa, ambao mdudu hutua juu yake. Usiichimbe kamwe. Mbegu zake hazina akiba ya chakula, zinategemea kuvu maalumu ili kuota, na mmea uliong'olewa msituni mara nyingi hufa ukihamishwa. Isitoshe, familia nzima ya okidi imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

7. Piga picha tano, si moja.

Mmea mzima pamoja na mahali ulipoota. Ua kutoka mbele. Ua kutoka ubavuni na chini yake, ili sepali (vijani vinavyolishika ua kwa chini) na kikonyo vionekane. Jani, juu na chini. Shina, pale jani linapoungana nalo. Katika mojawapo weka rula au sarafu.

Ua jeupe hutoka kama doa tupu, na hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Gusa kioo juu ya ua, kisha teremsha mwanga kwa kidole mpaka mistari ya petali ionekane, au lizibe jua kwa mwili wako. Simu ikilenga majani ya nyuma badala ya ua, weka kiganja chako nyuma ya ua, gusa kioo, ngoja lenzi itulie, kisha ondoa kiganja. Usivute picha kwa vidole. Sogea karibu, na simu ikishindwa kulenga rudi nyuma kidogo upige, utakata picha nyumbani.

Lenzi ya mkono nayo hutumiwa vibaya: watu huishika mbali na uso kama wanasoma gazeti. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha sogeza kichwa kwenye ua mpaka picha itulie.

8. Andika palepale.

Tarehe, saa, mahali, kivuli au jua, udongo mkavu au wenye maji, kimo cha mmea, harufu, na mdudu uliyemwona juu yake. Mistari minne inatosha. Harufu na mdudu ndivyo ambavyo picha haitavikumbuka.

9. Tafuta jina ukiwa umekaa.

Programu za Pl@ntNet na iNaturalist hukisia jina kutokana na picha. Chukua jibu kama pendekezo, ulilinganishe na ulichokagua katika hatua ya 6. Kwenye iNaturalist, watu wengine nao hutazama picha zako na kutoa maoni, na hapo ndipo picha zako tano zinapolipa. Familia ukiwa na uhakika nayo, andika familia. Jina sahihi la familia lina faida kuliko jina la spishi la kubahatisha.

## Makosa yanayoumiza msitu, na yanayokuumiza wewe

Kuchuma ni kosa la kwanza. Ua moja ulilolichuma ni mbegu ambazo hazitakuwapo, na ndani ya dakika kumi limenyauka mkononi. Kosa la pili halionekani: kukanyaga mimea michanga inayolizunguka ua ili kupata picha nzuri. Tazama pa kuweka goti kabla ya kupiga goti.

Usionje kitu. Kuna mmea wenye maua meupe madogo yaliyopangwa kama mwavuli, ndugu wa karibu wa karoti na giligilani, ambao ndio unaosimuliwa kwamba sumu yake ilimuua Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwaka 399 KK. Mtu mzoefu anaweza kuukosea na ndugu zake wanaoliwa. Utomvu wa baadhi ya mimea ya familia hiyo pia huunguza ngozi ikipigwa na jua. Utomvu mweupe kama maziwa nao uuache, na nawa mikono kabla ya kugusa macho au chakula.

Usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika: chini ya gogo, ndani ya majani makavu, kwenye mwanya wa jiwe. Nyoka hupumzika humohumo yanamoota maua unayoyatafuta. Upepo ukivuma sana, toka chini ya miti yenye matawi makavu. Ukirudi jikague kupe nyuma ya magoti, kiunoni na nyuma ya masikio.

Na ukiona okidi au ua lolote adimu, usitangaze mahali hasa lilipo. Wapo wanaochimba na kuuza.

## Mambo yakikwama

"Sijaona ua hata moja." Angalia majira kwanza. Kama majira ni sahihi, rudi kwenye uwazi wenye mwanga mwingi kuliko wote uliopita, chuchumaa dakika kumi. Nyasi zenyewe huchanua. Stameni zinazoning'inia kwenye suke ni maua, ingawa hayana petali za rangi.

"Maua yote yamefunga." Umefika mapema, umechelewa, au kuna mawingu mazito. Piga picha ya tumba na majani, andika saa, kisha rudi saa nyingine.

"Ua liko juu mno." Tafuta yaliyoanguka chini. Ua lililodondoka lenyewe unaruhusiwa kulishika, kuligeuza na kuhesabu kila kitu. Hakikisha tu linafanana na yale ya juu, kwa sababu upepo huleta ya mti wa jirani.

"Programu inanipa majina matatu tofauti." Tazama kama matatu hayo ni ya jenasi moja. Yakiwa ya jenasi moja, andika jenasi uishie hapo. Yakiwa ya familia tofauti, picha haitoshi: mara nyingi kinachokosekana ni jani au sehemu ya chini ya ua.

"Nitajuaje kama ni la porini kweli au limetoroka bustanini?" Kando ya njia na karibu na makazi, uwe na shaka. Lantana camara, kichaka chenye vishada vya maua madogo ya rangi zilizochanganyika, asili yake ni Amerika ya kitropiki, na leo kimeenea misituni katika nchi nyingi za joto kikisonga mimea ya asili. Kirekodi kama mimea mingine, kwa sababu wanaotunza misitu wanahitaji kujua kimefika wapi.

"Wenzangu wanaharakisha, siwezi kusimama." Kubalianeni kabla ya kuondoka: uwazi mmoja wa kukaa dakika ishirini, sehemu nyingine mtatembea kwa mwendo wao. Ukiwa na watoto, wape kazi ya kutazama chini ya kimo cha goti. Macho yao yako karibu na ardhi kuliko yako, na mara nyingi ndio wanaoliona ua la kwanza.

"Nimerudi baada ya wiki mbili, ua halipo." Maua mengine hudumu siku moja tu. Tumia picha ya kwanza, ile ya mmea mzima na mahali ulipo, kuutafuta mmea wenyewe. Utaukuta na tunda changa pale palipokuwa na ua. Lipige picha uiweke pamoja na zile tano. Kwa maua ya mwavuli hasa, mara nyingi tunda ndilo linalomaliza ubishi wa jina.